Utosi Usiopakwa Mafuta

Kila Ijumaa asubuhi Ayeyo alinikalisha mkekani, akanibana katikati ya magoti yake, akanipaka samli kichwani kama mtu anayelainisha ngozi ya kiriba. Ayeyo ni nyanya, mama yake baba, na kwa desturi yetu yeye naye aliniita ayeyo, kwa maana mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa. Kwa hiyo katika nyumba yetu ya Garissa tulikuwa ayeyo wawili wa kugombana kutwa: mmoja mzee, na mwingine mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka ishirini na kitu, na kifafa.

Samli ile aliitia karafuu, ikanukia mpaka kwa jirani. Aliipaka kwenye panja, kisogoni, nyuma ya masikio, na vidole vyake vilipokaribia utosi vilipinda, vikazunguka, vikaendelea na kazi upande wa pili. Utosini nina alama ya ukubwa wa sarafu ndogo, na nywele hazioti hapo. Hapo hakupagusa. Nilimtania, "Ayeyo, hapo pana askari?" Naye alinipiga kitana begani, akaniambia nikae sawa.

Alama hiyo aliiweka yeye mwenyewe. Nilipoanza kuanguka, nikiwa bado mtoto wa kufukuza mbuzi, alifanya kile walichokifanya mama yake na bibi yake kabla yake: alitia kijiti motoni, akasema bismillahi, akanigusa nacho utosini huku shangazi wawili wamenishika. Niliendelea kuanguka kama kawaida. Baadaye kidogo, nikiwa nimeanza shule, nesi wa zahanati aliona kovu, akafoka, "Nani alimchoma mtoto huyu? Mmeunguza ubongo wake!" Ayeyo hakujua Kiswahili wakati huo. Mkalimani nilikuwa mimi, na Kiswahili changu kilikuwa kipya, nikipenda sana kukionyesha. Nilimfikishia neno kwa neno, wala sikuacha hata kile kidole alichonyoosha nesi.

Tangu siku hiyo Ayeyo aliacha kugusa utosi wangu, na hakulitaja jambo hilo tena. Nyumbani sote tulijua anachobeba. Aliamini kwamba ugonjwa wangu ni kazi ya mkono wake, kwamba aliingia na moto ndani ya kichwa cha mjukuu wake akakiharibu. Hakuna aliyeweza kumwambia si kweli, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu, nikameza vidonge vyangu vyeupe vilivyonifanya nisinzie kama paka. Kisha nikaanguka mbele ya darasa la tano. Nilikuwa nafundisha sehemu za mmea. Nilikuwa nimeshachora mzizi, shina na jani, na nilipofika kwenye ua chaki ikateremka ubaoni pamoja nami mpaka sakafuni. Nilipozinduka, mwalimu mkuu alikuwa ananipepea kwa kofia yake, na nusu ya darasa walikuwa bado wananakili. Nilipokuja kusahihisha madaftari nilikuta ua la ajabu, lenye mkia mrefu ulioshuka hadi ukingo wa karatasi. Wanafunzi wangu walikuwa wamenakili kuanguka kwangu kwa usafi kabisa. Niliwapa vema wote. Wangefanya nini, na ndivyo mwalimu alivyochora?

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, lakini aliogopa. Aliniambia nipumzike mpaka daktari ajue hiki ni kitu gani. Ukoo ukachanga, tukapanda basi kwenda Nairobi, mimi na Ayeyo, maana msichana hasafiri peke yake na Ayeyo hamwamini mtu mwingine yeyote. Huko tulionana na daktari bingwa wa mambo ya ubongo, mtu mrefu, mpole, aliyevaa tai fupi kana kwamba ameazima kwa mwanawe. Alinipitisha kwenye pete kubwa ya eksirei inayozunguka kichwa. Jibu likaja: hakuna kitu kilichoonekana.

Sijapata kumwona Ayeyo akifurahi hivyo. Tulirudi Garissa, akachinja mbuzi. Watu walikula, wakauliza, "Kwa hiyo amepona?"

"Kichwa ni kizima," Ayeyo akawajibu. "Kimepigwa picha."

"Mbona juzi ameanguka tena?"

"Hilo ni jambo jingine," akasema, akawaongeza nyama.

Lakini daktari hakuridhika. Miezi michache baadaye alituita, akatueleza kwamba mashine ile ya kwanza huona mambo makubwa: damu, uvimbe, mfupa uliovunjika. Kovu dogo ndani kabisa huweza kuipita. Sasa Nairobi kulikuwa na mashine mpya, ya sumaku, wenyewe wakiiita emarai, inayoonyesha ubongo kipande kwa kipande, kama mtu anayefunua kurasa moja moja. Alitaka nirudi kwa ajili ya hiyo.

Siku hizo Ayeyo alikuwa amejifunza Kiswahili cha sokoni, kwa kuuza maziwa na kugombana na wanunuzi. Alikitoa chote kwa daktari. "Wewe daktari, bicha nasema hakuna kitu. Sasa wewe natafuta nini tena? Mtu nasema hakuna, wewe nachimba tu!"

Daktari akamwambia kwa upole kwamba akijua chanzo atajua dawa ya kunipa. Ayeyo akajifunga shuka lake, akatazama dirishani, akakataa kuaga.

Tuliporudi nyumbani sababu zake za kutosafiri zilikuwa nyingi kuliko korongo wa jalala la Garissa. Magoti. Baridi ya Nairobi. Askari wa kizuizi darajani, wanaouliza kipande cha utambulisho mpaka mtu anasahau alikotoka. Tena kulikuwa na mbuzi jike mmoja aliyekaribia kuzaa, na ninaapa mbuzi yule alikaribia kuzaa kwa muda mrefu kuliko ngamia. Mwishowe nikamwambia, sawa, nitakwenda na shangazi. Alfajiri yake nilimkuta amekaa mlangoni, amevaa, ana kibuyu cha maziwa mapajani, akinilalamikia kwamba nimechelewa.

Nilimpenda mno yule bibi, na alinichosha mno.

Usiku wa kuamkia safari alikuwa amenipaka samli maradufu. Huwezi kwenda kwa wageni na kichwa kikavu, alisema, watakuona huna mtu wa kukutunza. Sasa, kabla ya sumaku, daktari alitaka nipimwe kwa mashine ya waya, ile inayosikiliza umeme wa ubongo. Hubandika vikombe vidogo kichwani kwa gundi, kila kikombe na waya wake. Mpimaji alibandika cha kwanza, kikateleza. Akabandika cha pili, kikaniangukia shingoni. Alininusa, akaniuliza kama natoka jikoni. Alinisugua kwa spiriti, akanisugua kwa sabuni, na samli ya Ayeyo ikazidi kung'aa. Kikombe kimoja tu kilishika mara ya kwanza, tena kikashika imara: kile cha utosini.

"Hapa ni safi," mpimaji akasema. "Laiti pote pangekuwa safi hivi."

Nilicheka. Nikamgeukia Ayeyo nimtanie, nikamwona anatazama waya ule, ule mmoja, na midomo yake inasogea bila sauti. Nikaurudisha uso mbele.

Kisha tukashuka kwenye chumba cha sumaku. Aliyekiendesha alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, Mluhya, aliyetembea kama mwenye duka lake. Alituambia kwamba ndani ya chumba hiki chuma hakiingii, kwa maana sumaku haizimwi wala hailali, na chuma chochote itakivuta. Nikatoa saa, bangili, pini za mtandio. Akanipitishia kifimbo kinacholia kikikuta chuma, kama kile cha askari wa benki. Kikalia kiunoni. Nikajikagua, hakuna kitu. Akakipitisha tena, kikalia tena. Ayeyo alikuwa anaitazama dari kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuinunua.

Tulikipata kwenye pindo la gagulo langu. Kilikuwa msumari wa urefu wa kidole, umefungwa kitambaa, umeshonewa kwa ule mshono mdogo mdogo ambao Garissa nzima ni Ayeyo tu anayeujua.

"Mama!" yule mama wa mashine akapiga kelele. "Huu ungeruka kama risasi! Nani aliweka?"

Ayeyo hakuona haya hata kidogo. Kwetu chuma ndicho kinachofukuza majini. Mtoto mchanga hulazwa na kisu chini ya mto, mzazi huwekewa chuma kitandani, na mtu anayeingizwa ndani ya shimo jeupe linalonguruma hawezi kuachwa aende mikono mitupu. Alinieleza hayo kwa Kisomali, taratibu, kama anayemfundisha mpumbavu. Kisha akaniuliza, "Majini huchukia nini?"

"Chuma."

"Na mashine hii inakataa nini?"

Nikautazama ule msumari.

"Haye," akasema Ayeyo, akakunja mikono. "Sasa umeelewa ni nyumba ya nani."

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilimweleza habari za sumaku na akasikiliza kwa adabu, jinsi unavyomsikiliza mtoto anayekusimulia ndoto yake. Mama wa mashine aliponiuliza bibi anasemaje nikamfasiria. Badala ya kukasirika alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie jini hana kazi hapa," akasema. "Hapa kazi nafanya mimi, na mshahara nachukua mimi."

Ayeyo hakucheka. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Ayeyo, turudi nyumbani. Picha moja tulipata. Ilikuwa nzuri."

Hapo ndipo nilipomwona. Habari ya jini ilikuwa ya kweli, msumari aliushona kwa moyo mmoja, lakini si hayo yaliyomfanya aombe turudi. Magoti, baridi, mbuzi asiyezaa, vyote vilikuwa njia ndefu ya kuikwepa picha hii, picha ambayo ingefunua kurasa za kichwa changu na kumwonyesha mahali moto wake ulipoishia. Nilimhurumia. Na bado nilitaka kujua, kwa sababu nilitaka darasa langu, na vidonge vile vilikuwa havinitoshi.

"Siwezi kurudi, Ayeyo," nikamwambia. "Ukitaka, kaa hapa nje."

Aliniangalia. Kisha akaanza kuvua. Alivua bangili za fedha, akavua pete, akavua herini zilizokuwa zimemvuta masikio tangu aolewe. Mwisho akavua ufunguo wa sanduku lake, uliokuwa ukining'inia shingoni mwake tangu sijazaliwa, ambao hata kuoga alioga nao. Akavirundika vyote mkononi mwa mama wa mashine. "Kama chuma hapana ingia," akamwambia, "mimi naingia."

Ikawa yeye ndiye anayekaguliwa, anapitishiwa kifimbo mbele na nyuma, anaulizwa kama ana risasi mwilini au chuma mfupani. Akafungua kinywa kwa wasiwasi, akaonyesha jino lake la dhahabu. "Na hii?" Mama wa mashine alichungulia, akasema dhahabu hiyo ina ruhusa ya kuingia. Ayeyo akafunga kinywa kwa heshima.

Ndani nililala chali, kichwa kwenye kitu kama kofia ya kizimba, pamba masikioni. Ayeyo alisimama miguuni pangu na kunishika kidole gumba cha mguu. Kelele zikaanza. Nilikuwa nimetegemea mngurumo, lakini zilikuwa kugonga: ko, ko, ko, kisha haraka zaidi, kisha kwa sauti nyingine, kama kengele za mbao shingoni mwa ngamia kundi zima linapoteremka kisimani. Nilitamani kumwambia, nikakumbuka sitakiwi kusogeza hata ulimi. Naye alikuwa na shughuli yake. Alikuwa anasoma Ayatul Kursi, na kila mashine ilipopandisha sauti alipandisha yake, mpaka spika ya ukutani ikasema, "Mama, soma tu, lakini usimtikise mguu."

Majibu tuliyapata siku ya pili. Daktari wa tai fupi alibandika picha kwenye kisanduku chenye taa, safu kwa safu, kichwa changu kimekatwakatwa kama mkate. Ayeyo aliketi ukingoni mwa kiti. Ufunguo ulikuwa umerudi shingoni, na aliushika.

"Tumekipata," daktari akasema. Akaweka ncha ya kalamu upande wa kushoto, ndani, chini, usawa wa juu ya sikio. Upande wa kulia kulikuwa na kipande kidogo kilichonona kama punda milia wa msimu wa mvua. Mwenzake wa kushoto alikuwa amesinyaa. "Ni kovu. Dogo, lakini ndilo linaloanzisha kila kitu."

Alizungumza nami kwa Kiswahili, na nikafungua kinywa ili nimfasirie Ayeyo. Akanizuia kwa mkono. Neno kovu alilijua. Alijua pia kwamba mimi si yule mtoto wa zahanati tena, kwamba safari hii ningelainisha, ningetia maziwa kabla ya kumpa. Akamgeukia daktari mwenyewe, na Kiswahili chake chote cha sokoni.

"Daktari. Hii kofu. Moto yangu ndio nafanya?"

Daktari hakuelewa. Nilivuta mtandio, nikainamisha kichwa, nikamwonyesha utosi. Kisha daktari akavuta kiti chake mpaka karibu na Ayeyo, akamwomba asogee kwenye taa.

"Mama, tazama. Huu mstari wa nje ni ngozi. Hapa juu ngozi imebonyea kidogo, umeona? Huo ndio moto wako. Huu mstari mweusi chini yake ni mfupa. Mfupa ni mzima. Moto wako uliishia nje, haukuvuka. Na kovu liko huku chini, mbali." Akaniuliza kama niliwahi kupata homa kali nikiwa mchanga, homa yenye degedege la muda mrefu, maana mara nyingi makovu ya aina hii hutokana na hapo.

Niliona uso wa Ayeyo ukirudi nyuma miaka mingi. Akamjibu daktari kwa Kisomali, amesahau, nami nikafasiri. Tulikuwa tunahama na mifugo kutoka Hulugho, mwaka wa ukame. Nilikuwa bado sijatembea. Homa ilinitikisa tangu asubuhi mpaka kivuli kikageuka, juu ya mgongo wa ngamia, na hakukuwa na zahanati, wala kijiji, wala maji ya kutosha kunilowesha.

"Basi ni hiyo," daktari akasema. "Ilikuja kabla ya moto."

"Angalia tena," Ayeyo akamwambia.

Akaangalia tena.

"Aba kwa Mungu."

Daktari, Mkristo wa watu na tai yake fupi, akainua mkono akaapa kwa Mungu mbele ya kichwa changu kinachowaka taa. Ayeyo akaketi. Akanigeukia, machozi yanateremka bila kujificha, akauliza kwa hasira kabisa, "Kwa hiyo tumdai nani fidia? Homa ina ukoo wa kulipa?"

Daktari alinibadilishia dawa. Alinieleza kwamba wapo wanaopasuliwa, lakini mimi tusianze huko, na kwamba atanipigia tena mashine ya waya baadaye aone maendeleo. Baada ya muda, dawa ile mpya ikazoeana nami. Sikuacha kuanguka kabisa, ila niliacha kuanguka darasani, na mwalimu mkuu akanirudishia darasa langu pamoja na lile ua lenye mkia, ambalo wanafunzi hawakukubali kulifuta ubaoni.

Ijumaa ya kwanza baada ya safari, Ayeyo aliniita mkekani. Akanibana kwa magoti yake, akachota samli, akaanza kwenye panja, akaenda kisogoni, akarudi nyuma ya masikio. Alipokaribia utosi vidole vilisimama. Nikangoja vipinde. Havikupinda. Kidole kimoja kilitua juu ya kovu, kikakaa hapo kimya, halafu kikaanza kusugua polepole, samli ya karafuu, mduara mdogo mdogo. Nilisikia anavuta pumzi kwa pua. Sikugeuka, maana angenipiga kitana.

"Ayeyo," nikamwambia, "daktari akinirudisha kwenye mashine ya waya, sasa hakuna hata kikombe kimoja kitakachoshika."

"Watanunua gundi nzuri," akasema, akachota samli nyingine.